Maji ya Mvua Yana Adabu Zake



Mvua ya kwanza ya masika ilipopiga mabati yetu mwaka huu, binti mdogo wa dada yetu mkubwa alikuwa wa kwanza kukimbilia darini na ndoo. Hakufika. Mama alimpigia ukelele kutoka chumbani kwake: "Si hayo, mwanangu! Hayo ni ya paa!" Mtoto akarudi chini na ndoo yake tupu, amenuna, nasi tukacheka. Kila mmoja wetu amewahi kurudishwa vivyo hivyo. Ndiyo kanuni ya kwanza ya nyumba yetu: mvua ya kwanza ni ya paa, ya pili ni ya miti, ya tatu ndiyo ya mtungi.

Wengi wenu mmekuwa mkituuliza namna tunavyovuna na kuweka maji ya mvua hapa nyumbani, Lamu. Mnataka kujua tangi la kiasi gani, dawa gani, na kama serikali inadai kibali. Tutawajibu yote hayo. Lakini kuna kanuni moja ambayo sisi wenyewe tuliivunja, na bila hiyo majibu mengine hayatatimia. Kwa hivyo vumilieni tuanze mbali kidogo.

Mama yetu ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate, upande wa Faza. Anayekujua huko anajua kwamba visima vingi maji yake ni ya chumvi, na maji ya kunywa hutoka mawinguni. Watu wa huko hujenga jabia. Kwa dada zetu wasioijua, jabia ni sakafu pana iliyopigwa lipu na kuinamishwa upande mmoja, na kwenye ule upande ulioinama kuna hodhi iliyochimbwa ardhini. Mvua ikinyesha, maji yote ya ile sakafu huteremka hodhini. Ni paa lililolazwa chini, kwa ajili ya kijiji kizima.

Mama alikulia kando ya jabia, na adabu zake anazijua kama anavyojua Alhamdu. Usipande juu ya sakafu na viatu. Mbuzi akionekana karibu, mtoto yeyote amfukuze, hata kama si wao. Kabla ya masika wanawake hufagia sakafu yote. Anayeteka hutumia ndoo ya pale pale, hatumbukizi ya kwake. Na ufunguo wa mlango wa hodhi alikuwa nao mzee mmoja, akifungua saa maalumu, kila nyumba ikipata kwa idadi ya watu wake.

Mama alipoolewa Amu alikuta mambo mengine. Hapa mjini tumekulia maji ya visima, na ya bomba yanayotoka visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga. Mchanga ule ndio unaoyapokea maji ya mvua na kuyashikilia chini, ndiyo maana wazee wetu walipigania usiguswe wala usijengwe. Lakini kaskazi ikikolea na mvua ikichelewa, maji huanza kuonja chumvi. Chai unaijua kabla hujaambiwa. Basi Mama akaja na adabu zake za Pate, akazipandisha juu ya paa letu la mabati. Kwanza alitumia mapipa, kisha, baada ya sisi sote kuanza kazi na kuchanga, tukanunua tangi jeusi la lita 5,000.

Sisi ndani ya nyumba hii ni wanawake watano: Mama, sisi dada watatu, na wifi yetu. Kuna na watoto watatu. Ndugu yetu yuko baharini muda mwingi. Kwa hivyo mambo ya maji ni mambo yetu, na tukiseng'enyana humu ndani, mara nyingi ni kwa sababu ya maji.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu utadhani maji ni mengi. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya paa la mita moja ya mraba, hutoa lita moja. Paa letu la mabati ni kama mita 40 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 25 ingetupa lita 1,000, lakini mengine hurukia nje, mengine hukauka juu ya bati, na ya mwanzo tunayamwaga kwa makusudi. Tukipata lita 800 tunashukuru. Kwa hivyo tangi letu linataka mvua kama sita hivi za namna hiyo lijae.

Na likijaa? Tumewekeana kwamba maji ya mvua ni ya kunywa na kupikia tu. Kufua, kuosha sakafu na kuoga ni kwa maji ya bomba au ya kisima. Kwa watu wanane, mitungi miwili ya lita 20 kwa siku inatutosha. Lita 5,000 kwa lita 40 kila siku ni siku 125, yaani miezi minne na siku chache. Tangi likijaa mwisho wa vuli, linatuvusha kaskazi yote mpaka masika. Likijaa.

Sasa kanuni ya paa. Mabati hukaa miezi na vumbi, majani, na kinyesi cha ndege na paka. Mvua ya kwanza huyaosha hayo yote na kuyateremsha. Ndiyo maana ile ya kwanza haiingii tangini. Bomba letu linaloshuka kutoka kwenye gata lina kiungo tunachokichomoa kwa mkono. Mvua ikianza, maji yanamwagika nje mpaka yawe meupe ndani ya bilauri, ndipo tunarudisha bomba. Mwishoni mwa kaskazi tunafagia paa na kusafisha gata. Wenye paa la makuti wanajua tatizo lao: maji yake hutoka ya rangi ya chai na yana harufu. Hayo mwagilieni miti. Na wenye mabati ya zamani yaliyopakwa rangi yenye risasi, au mapaa ya asbesto, msinywe maji yake kabisa.

Kanuni ya pili ni kufunika. Hii hatukuielewa mpaka ilipotuuma.

Mwaka 2004 mvua zilikuwa chache, na kila nyumba ikajaza kila chombo. Uani kwetu, kwenye kiwanda, kulikuwa na mapipa matatu. Mawili yalikuwa na mifuniko. La tatu lilifunikwa kipande cha bati ambacho hakikufika pembeni. Kisha mji mzima ukaanguka. Homa, kisha viungo. Watu walitembea wameinama wakishika ukuta. Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuweza kusimama kusali. Alisali ameketi kwa wiki nyingi, na kufunga vifungo vya nguo alifungiwa. Sisi tulikuwa wasichana wadogo, tukiwasugua miguu watu wazima na kulia pamoja nao.

Ugonjwa ule ni chikungunya. Jina lenyewe linatokana na Kimakonde, na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyokunjika; ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watafiti waliokuja Lamu baadaye wakapima damu, na walikadiria kwamba watu watatu kwa kila wanne walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ukafika Ngazija. Na walipochunguza sababu, waliutaja ukame: maji yalikaa ndani ya vyombo vya nyumbani bila kubadilishwa kwa muda mrefu, na mbu wakazaliana humo.

Mbu huyo si yule wa usiku tunayemwekea chandarua. Huyu ana miguu ya madoadoa meupe, huuma mchana, na hapendi maji machafu ya mtaroni. Anapenda maji safi, yaliyotulia, yenye kivuli, karibu na watu. Yaani anapenda kile tunachokilinda sisi. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yale yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Kwa hivyo kumwaga pipa hakutoshi. Lisugue kwa brashi kuta zake zote. Kutoka yai mpaka mbu arukaye ni kama wiki moja tu katika joto letu, ndiyo maana siku yetu ya kukagua vyombo ni kila Ijumaa asubuhi, bila kuruka. Mbu huyo huyo ndiye mwenye kuleta dengue, ambayo Mombasa imeijua 2013 na 2017.

Na tazameni busara ya wazee wetu. Mmeshaona yale mabirika ya zamani ya kutawadhia, ndani ya nyumba za mawe na misikitini, yenye visamaki vidogo? Wengine walijengea bakuli la kauri chini ya birika ili maji yakipungua visamaki vipate pa kukaa. Sisi tulidhani ni pambo la watoto. Kumbe vile visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu. Na sote tumefundishwa chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha vyombo vifunikwe usiku. Tuliijua hadithi hiyo kwa moyo, na lile pipa la tatu likabaki wazi.

Tangu wakati huo tangi letu lina mfuniko wa kujipinda, na kila tundu, hata lile la kutolea maji yanayofurika, lina wavu wa shaba tuliokaza kwa waya. Tangi jeusi linazuia mwanga, maji hayafanyi ukijani. Bomba la kuchotea liko juu kidogo ya kitako, ili tope lililotua lisitoke. Kila mwaka kabla ya masika tunalisafisha lote, na haingii mtu ndani peke yake bila mwenzake kusimama mlangoni. Ya kunywa tunayachemsha, au tunatia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa chupani, tukisubiri nusu saa. Mvua ni maji safi kutoka mbinguni. Paa letu na mikono yetu si hivyo. Tukishayachemsha, tunayaweka mtungini wa udongo, na kata ya mtungi ina mpini mrefu. Atakayetumbukiza bilauri yake humo atasikia.

Kuhusu serikali: kuvuna maji ya paa lako mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Lakini Sheria ya Afya ya Umma ina sehemu nzima juu ya mbu: maji yaliyotuama yenye viluwiluwi huhesabiwa ni kero, na matangi na visima vinatakiwa vizibwe mbu wasiingie. Na kwa sisi wa mji wa kale, ambao uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, usipandishe tangi juu ya dari likaonekana mtaa mzima kabla hujauliza ofisi ya uhifadhi. Sisi letu tumeliweka ndani ya kiwanda, juu ya jukwaa la mawe. Halionekani, na fundi alitupa uhakika ukuta haubebi uzito. Lita 5,000 ni tani tano, dada zetu. Msiliweke juu ya boriti za mikoko.

Hayo ndiyo mliyotuuliza. Sasa tuliyoyavunja.

Mlango wa kiwanda chetu una njia ya nyuma inayotoka uchochoroni. Jirani yetu wa uchochoroni ni mama wa makamo, mjane, mwenye nyumba ya makuti. Paa lake halivuni kitu cha kunywa. Tangu enzi za mapipa, kila Ijumaa baada ya alasiri alikuwa akija na mtungi mmoja wa lita 20. Alikuwa akibisha, akiingia, akiteka, akikaa na Mama kidogo, akienda. Hakuna aliyewahi kumpa ruhusa wala kumnyima. Ilikuwa hivyo tu.

Vuli ya 2022 haikunyesha. Mnakumbuka: ulikuwa ule ukame mrefu, mvua zimekosa misimu mitano kwa kufuatana. Mwanzoni mwa Januari tulipiga tangi kwa ufunguo kusikiliza limefika wapi, na lilikuwa nusu. Lita 2,500. Tukakaa kikao sisi wanne, Mama akiwa amelala. Tukakubaliana kupunguza mpaka lita 30 kwa siku. Tukakubaliana pia kwamba watoto wa mtaa wanaopita kunywa na kuacha bomba linavuja, basi. Tukanunua kufuli na kulitia kwenye bomba.

Hatukumtaja jirani. Tutakuwa wakweli kwenu: hakuna aliyemtaja kwa sababu kila mmoja alikuwa akimfikiria.

Ijumaa ikafika. Alibisha, akaingia, akaamkia. Akaenda mpaka kwenye tangi, akaiona kufuli. Hakugeuka haraka. Alisimama pale kama anayesoma kitu. Wifi yetu alikuwa akipepeta mchele hatua tatu kutoka pale, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Jirani akasema, "Haya, nilikuja kuwajulia hali tu." Mtungi wake akauweka ndani ya buibui, akatoka. Kwa Mama hakuingia.

Usiku ule tulijiambia maneno mengi. Kwamba angesema tungemfungulia. Kwamba na yeye ana wanawe Mombasa. Kwamba mwenye nyumba huanza na watu wake. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna hata moja lililotutuliza.

Kesho yake Mama akaomba chai yake ichemshwe kwa maji ya kisima. Tukadhani amekosea. Akarudia. Siku ya pili hivyo hivyo, na maji ya kunywa pia akataka ya kisima. Mama ana shinikizo la damu. Maji yenye chumvi hayamfai. Dada mkubwa akamwendea, akapiga magoti kitandani. "Mama, tumekukosea nini?"

Mama akasema, "Mimi hamjanikosea. Mimi mnanipa maji." Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwetu yule mzee alipewa ufunguo wa jabia ili afungue, hakupewa ili afunge. Angeufungia tu, tungemnyang'anya."

Tukatoka chumbani tukafanya kile ambacho tungelifanya kabla ya kununua kufuli. Tukapiga hesabu. Mtungi mmoja kwa wiki ni lita 20. Kutoka Januari mpaka mwisho wa Machi ni wiki kama kumi na moja hivi: lita 220. Kwa lita 30 kwa siku, jirani angetumalizia maji ya siku saba au nane. Hicho ndicho tulichokuwa tukikilinda kwa kufuli.

Kisha usiku ule dada wa kati akaweka beseni chini ya lile bomba, lililofungwa kufuli na kila kitu. Asubuhi lilikuwa na lita tano na ushei. Raba ya ndani imekwisha. Bomba letu wenyewe, tone kwa tone, lilikuwa likimwaga, usiku peke yake, lita 35 na ushei kwa wiki, karibu mara mbili ya aliyokuwa akichukua yule mama. Raba mpya haikufika bei ya kufuli.

Na hapo tukaona mengine. Tukitawadha tunaacha bomba la birikani likimiminika, na sisi ndio tunaosomesha watoto kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja, na kwamba israfu ya maji imekatazwa hata kwa aliye kando ya mto. Ni kweli hayo ni maji ya kisima, si ya tangi. Lakini mkono unaofuja pale ndio huo huo unaofuja hapa. Tukajaza kopo tukapima. Mmoja wetu, hatutamtaja, alitawadha kwa lita tisa.

Dada mkubwa akajaza mtungi, akajitwika mwenyewe mpaka mlango wa jirani. Alikwenda mchana, watu wakimwona, kwa kusudi. Aliporudi tulimuuliza amesemaje. Alisema: "Amepokea. Amesema Mungu awazidishie. Hakusema mengine." Alikuwa akinunua maji kwa wenye punda, tukaja kujua, na siku nyingine akinywa ya kisima cha msikiti.

Kila Ijumaa tangu siku ile maji tunampelekea sisi. Mtungi hurudi na kitu juu yake: kaimati, ndimu za mti wake, siku moja vitumbua vitatu tu ndani ya kitambaa. Lakini kuja mwenyewe kuteka, kukaa na Mama kidogo, hajarudia. Tumemwambia mlango uko wazi. Anasema inshallah. Kuna vitu ukivifungia mara moja, kufungua ni kwako, lakini kurudi si kwako.

Na msidhani maji yaliongezeka kwa muujiza. Tangi liliisha siku za mwanzo za Ramadhani, masika hayajafika. Tulifuturu kwa chai ya chumvi kwa karibu wiki mbili, na Mama tukamnunulia maji ya chupa. Zile siku saba tungezipata kama tungemnyima jirani. Tulizikosa. Tulikunywa maji yale ya kisima, yakachemshwa, tukaishi. Mvua ilipokuja, Mama alitolewa mpaka kizingitini mwa kiwanda, akanyosha mkono imwangukie, akaomba iwe ya manufaa. Ile ya kwanza tukaimwaga kama kawaida, ingawa mioyo iliuma.

Kwa hivyo, dada mnaotuuliza juu ya tangi na wavu na dawa: fanyeni yote hayo. Fagieni paa, mwageni ya kwanza, zibeni matundu, sugueni mapipa kila Ijumaa. Lakini fikirini pia kwa nini. Mbu aliyezaliwa kwenye pipa letu lile mwaka 2004 hakukaa kwetu. Aliruka ukuta akamuuma wa pili. Kufunika kwetu ni kwa ajili yake yeye pia. Nasi maji hatukuyaumba. Yalipita juu ya nyumba ya makuti kabla ya kufika kwenye bati letu. Tumepewa paa linaloshika, na mwenzetu hakupewa. Kabla hujanunua tangi, hesabu watu wa nyumba yako, kisha ongeza mmoja.

Kufuli tumeitoa. Iko kwenye sanduku la misumari, kama kuna anayeihitaji.

Mwenyezi Mungu atupe mvua zenye kheri, atujaalie tuwe wafunguzi. Msisahau kutuombea Mama yetu afya.

Wassalaam,
Dada zenu wa Amu